Barua ya wazi kwa vijana wetu wanaosoma sayansi Marekani na kuutaka udaktari

Wanangu,

Kwa miaka mingi nimeketi na vijana wa jamii yetu huku ughaibuni wakijaza maombi ya vyuo vya udaktari, na shauri langu kubwa kwenu ni moja: msiombe kabla hamjawa tayari, hata kama nyumbani mnaulizwa kila wiki mtaanza lini. Wazazi wenu waliosoma Tanzania wanakumbuka utaratibu ambao kijana aliyefaulu fizikia, kemia na baiolojia kidato cha sita huingia moja kwa moja kwenye shahada ya udaktari ya miaka 5. Marekani wengi humaliza kwanza shahada ya miaka 4, ndipo waanze miaka mingine 4 ya udaktari. Waelezeni wazazi mapema, kwa heshima na kalenda ikiwa mezani, ili mwaka mmoja wa kufanya kazi katikati usihesabiwe kuwa ni kufeli, kwa maana wengi wanaoingia vyuo hivyo wamepitia mwaka wa namna hiyo.

Haraka huumiza kwanza kwenye MCAT, mtihani wa kuombea nafasi katika vyuo vya udaktari. Mtihani huo una sehemu 4, alama zake ni kuanzia 472 hadi 528, na huchukua karibu siku nzima. Alama zikishatolewa hazifutiki. Vyuo vitaziona hata ukirudia na kufanya vizuri zaidi. Asiyemaliza biokemia asiingie chumba cha mtihani kwa nia ya kujaribu bahati.

Fomu ya AMCAS, yaani fomu moja ya maombi inayotumiwa na vyuo vingi vya udaktari, huanza kupokelewa mwishoni mwa Mei au mapema Juni, kwa ajili ya masomo ya mwaka unaofuata. Alama zako za chuo huhakikiwa somo kwa somo, kazi inayoweza kuchukua wiki kadhaa msimu ukipamba moto, na vyuo vingi huita watu kwenye usaili na kutoa nafasi kadiri maombi yanavyofika. Kwa hiyo, kama Juni imekukuta na pengo kubwa, mimi huona ni afadhali kungoja Juni nyingine kuliko kuliziba haraka na kutuma Septemba.

Panaponiuma zaidi ni pale mnapojidharau. Fomu ina nafasi 15 za kueleza shughuli zako, kila moja herufi 700 tu, nanyi mnazijaza vyeo vya vilabu vya chuo huku mkiacha kazi mliyoifanya tangu utotoni. Kijana mmoja aliandika kwamba alijitolea kuwasaidia wagonjwa, basi. Nilipomhoji, nikagundua kuwa kila Jumamosi alikuwa akikaa na mzee mwenye kisukari, akimwonyesha kwenye bomba la sindano mstari wa kipimo cha insulini, na kuzungumza naye juu ya kiasi cha ugali anachokula jioni. Hayo ndiyo ya kuandikwa, kwa maneno ya kawaida: ulimwona nani, ulifanya nini, ulijifunza nini kuhusu ugonjwa na kuhusu mtu. Na barua za mapendekezo ziombeni kwa walimu wanaowajua kwa sura na kwa kazi zenu, si kwa profesa maarufu aliyewaona ukumbini miongoni mwa mamia.

Kuhusu fedha, AAMC, chama cha vyuo vya udaktari kinachosimamia MCAT na AMCAS, ina mpango wa kuwapunguzia gharama wenye kipato kidogo, lakini lazima ukubaliwe kwanza, kwa kuwa ada uliyokwisha kulipa hairudishwi. Nanyi mlio na visa ya mwanafunzi, fahamuni kwamba vyuo vingi vya udaktari havipokei asiye raia wala mkaazi wa kudumu, na baadhi ya vinavyopokea hudai uthibitisho wa fedha za masomo kabla hujaanza. Iandikieni ofisi ya udahili ya kila chuo, mpate jibu lao kwa maandishi, ndipo mkiweke chuo hicho kwenye orodha yenu.

Ni mimi mzee wenu.