Vijana wa filamu za Uingereza si wahuni watupu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nizungumzie namna filamu za Uingereza zinavyowachora vijana, kwa kuwa wengi wetu tumezoea kumwona kijana wa London akiwa amejifunika kofia ya sweta na kisu mfukoni, kana kwamba mtaani kwao hakuna anayefua nguo wala kumpeleka mdogo wake shule.

Filamu ya "Rocks" ya mwaka 2019, iliyoongozwa na Sarah Gavron, imepita njia nyingine. Shola, msichana mwenye asili ya Nigeria, anaachwa na mama yake, naye anahangaika kulificha jambo hilo ili maofisa wa ustawi wa jamii wasije wakamtenganisha na mdogo wake, Emmanuel. Hata katika dhiki hiyo tunawaona wasichana wakirushiana vyakula katika darasa la mapishi, tena kwa kicheko kisicho cha kuigiza, kwani waigizaji hao, wengi wao wageni wa kamera, walishirikishwa kuitunga hadithi kupitia warsha. Bukky Bakray, aliyeigiza Shola, alitunukiwa na BAFTA, taasisi ya Uingereza inayotoa tuzo za filamu, kama nyota chipukizi mwaka 2021.

Kuhusu "Fish Tank" ya Andrea Arnold (2009), nina kinyongo kidogo. Mia, mwenye miaka 15, anapojaribu kumfungua farasi aliyefungwa mnyororo, picha inapendeza mno. Lakini mtaa wake wa Essex umefanywa gereza, na sidhani kama kila mkazi wa maghorofa yale angekubali kuitwa mfungwa.

Wako msomaji,
Tanga