Barua kwa swahiba: jezi inayonuka hata ikishafuliwa

Swahiba wangu,

Salamu nyingi, na natumai wewe na watu wa nyumbani hamjambo. Baada ya salamu, barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema jezi zinatoka kwenye kamba zikinukia vizuri, lakini mtu akishakimbia dakika kumi tu kikwapa kinarudi palepale. Umeongeza sabuni, umebadilisha sabuni, ukaanza kutia na dawa ya kulainisha nguo, na bado hali inazidi kuharibika. Hilo la mwisho ndilo limenifanya nikae nikuandikie kwa kirefu, kwa sababu dawa hiyo ndiyo inayokumaliza.

Tuanze na kitambaa, maana hapo ndipo ilipo siri yote. Jasho likitoka mwilini halina harufu ya maana. Harufu inatengenezwa na bakteria wa ngozini wanapovunjavunja vilivyomo ndani ya jasho na mafuta ya ngozi. Pamba hunywa maji: jasho huingia ndani ya uzi, na maji ya kufulia nayo huingia yakalitoa. Poliesta, ambayo ndiyo jezi karibu zote siku hizi, haipatani na maji ila inapatana sana na mafuta. Mafuta ya ngozi hushika juu ya uzi yakafanya utando, bakteria na harufu vikajificha humo, na maji baridi yenye povu yakapita juu tu. Nguo ikiwa kavu na baridi huwezi kusikia kitu. Ikipata joto na unyevu wa mwili, harufu iliyokuwa imelala inapanda.

Sasa ile dawa ya kulainisha nayo inaacha utando wake wa kuteleza juu ya uzi, ndiyo maana nguo inakuwa laini. Kwenye jezi maana yake ni kwamba umefunika mafuta kwa mafuta. Sabuni nyingi kupita kiasi nayo haisuuziki ikaisha. Inabaki kitambaani na kushika uchafu mpya. Kwa hiyo kabla ya lolote, dawa ya kulainisha iache kabisa kwa nguo za michezo, na sabuni ipunguze hadi kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Kuna jaribio dogo ningependa ulifanye kwanza. Chukua jezi iliyofuliwa na kukauka, ipindue ndani nje, itandaze mezani. Dondosha tone moja la maji mgongoni na jingine kwapani. La mgongoni litanyweka na kusambaa mara moja. La kwapani likisimama kama shanga, huku kitambaa kikiteleza kidogo ukikifikicha kati ya vidole, ujue utando uko hapo. Kisha chovya kwapa hilo kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia kwa mkono, kamua, nusa papo hapo. Pua haitakudanganya. Na baada ya kazi nitakayokueleza, rudia jaribio hilohilo. Ukisubiri kunusa nguo kavu utadhani umemaliza kumbe bado.

Kazi yenyewe ni kuloweka. Kusugua kwa nguvu kunachakaza kitambaa na kufumua nyuzi, na mafuta yanabaki. Unachohitaji ni maji ya uvuguvugu, sabuni yenye vimeng'enya (enzymes), na muda. Vimeng'enya ndivyo vinavyokatakata protini na mafuta. Tazama kwenye pakiti kama vimetajwa, kwa kuwa si kila sabuni ya unga inavyo. Vinafanya kazi vizuri kwenye nyuzi joto 30 hadi 40. Maji baridi sana yanavichelewesha, na maji yanayotokota yanaviua. Kama huna kipimajoto, tumia hesabu hii: maji ya bomba yakiwa ya nyuzi 25 hivi, changanya lita 8 za hayo na lita 2 zilizochemka, utapata 40. Yakiwa baridi kweli, ya nyuzi 12 hivi, changanya sehemu mbili za baridi kwa sehemu moja iliyochemka. Tangulia kumimina ya baridi, kisha ya moto, na nguo iingie mwisho.

Kwa lita 10, tia vijiko viwili vya chakula vya sabuni, koroga mpaka iyeyuke yote, pindua jezi ndani nje, zizamishe. Usijaze beseni, jezi nne au tano zinatosha kwa maji hayo. Ziache saa moja hadi mbili, na kila baada ya nusu saa zikandamize na kuziinua mara kadhaa ili maji yapenye. Utaona maji yanageuka kijivu, wakati mwingine manjano iliyofifia, hata kwa jezi uliyoiamini kuwa safi. Kwapani fikicha kwa vidole tu. Usizilaze humo usiku kucha, maana maji yakishapoa sabuni inachoka, na bakteria wanapata bwawa la kuogelea.

Zikitoka hapo, kamua ufue kama kawaida, kisha usuuze mpaka maji yasiteleze tena mkononi. Hatua hiyo watu wengi wanaikatiza. Maji ya suuza ya tatu ndiyo yanayosema kweli.

Kama jaribio la maji ya moto bado linatoa harufu, ingia hatua ya pili, nayo ni blichi ya oksijeni. Ni ule unga mweupe ambao jina lake la kikemia ni sodiamu pakaboneti. Ndani ya maji huachia peroksidi ya hidrojeni, ambayo hushambulia bakteria na harufu bila kufuta rangi kama ifanyavyo blichi ya klorini. Vijiko vitatu vya chakula kwa lita 10 za maji ya nyuzi 40 hadi 50, saa mbili hadi sita, halafu ufue tena. Vaa glavu za mpira, na jaribu kwanza kwenye pindo la ndani. Sufu, hariri na ngozi usizitie humo. Maji yanayobaki yamwage. Usiyafungie kwenye chupa, kwa sababu yanaendelea kutoa gesi na chupa inaweza kupasuka.

Blichi hiyo ya klorini iweke mbali kabisa na nguo za michezo. Inakula spandeksi, ule uzi unaovutika kwenye bukta na nguo za kubana, na nguo inalegea kabla ya wakati wake. Na hili naomba ulishike kwa mikono miwili: klorini isikutane na siki, wala na kitu chenye amonia. Ikikutana na siki inatoa gesi ya klorini, na humo bafuni mlango ukiwa umefungwa ni hatari ya kweli kwa mapafu.

Nimeitaja siki, basi nimalize habari zake. Siki nyeupe ya asilimia 5 inasaidia kuondoa mabaki ya sabuni na kupunguza harufu kali. Kikombe kimoja kwa lita 5 za maji baridi, nusu saa, halafu suuza. Ila mafuta haiyatoi, kwa hiyo usiifanye mbadala wa kuloweka kwenye sabuni. Na wanaochanganya siki na bikaboneti (baking soda) kwenye beseni moja wanafurahia povu tu: asidi na alkali zinauana, unabaki na maji yenye chumvi kidogo.

Kukausha ni nusu ya kazi, swahiba. Ule uvundo wa nguo mbichi iliyokaa ni wa bakteria waliopata saa nyingi za unyevu, na wanaweza kuiharibu hata nguo uliyoifua vizuri kuliko zote. Anika mara tu unapomaliza kukamua, ndani nje, kila nguo na nafasi yake ya upepo. Jua ni zuri kwa soksi na taulo. Kwa nguo za spandeksi na zenye namba zilizobandikwa, kivuli chenye upepo ni bora, maana joto kali linachosha mpira na kubandua chapa. Na mshono wa bukta kiunoni, pale kwenye lastiki, uguse kwa mkono kabla hujaanua. Ndio unaokauka mwisho.

Soksi na taulo zikiwa za pamba tupu, zinavumilia nyuzi 60, na joto hilo linafanya kazi ambayo nyuzi 40 haziwezi. Tazama lebo kwanza, maana soksi nyingi zimechanganywa.

Viatu vina mambo yake. Njumu na raba usizizamishe ndani ya maji kama huna sababu. Gundi inalegea na soli inafunguka mdomo. Toa kamba, toa soli ya ndani, na hiyo soli ndiyo uifue kwa mkono na sabuni, kwa sababu uvundo mwingi uko humo. Ndani ya kiatu pitisha kitambaa chenye maji ya sabuni kilichokamuliwa sana, ukifika mpaka vidoleni, halafu kingine chenye maji matupu. Jaza magazeti makavu, yabadilishe baada ya saa mbili, kisha tena kabla ya kulala. Viatu vikishakauka kabisa, nyunyiza kijiko kimoja cha bikaboneti katika kila kimoja, ulaze usiku, asubuhi ukung'ute nje. Ukiitia kwenye kiatu kibichi inakuwa uji mweupe unaoganda kwenye mishono. Usivikaushe karibu na moto. Na hao wanaosema uvitie kwenye friza: baridi inawalaza bakteria, haiwaui. Mguu ukirudi na joto, wanaamka.

Glavu za kipa zioshe kwa maji ya nyuzi 30 na sabuni ya maji isiyo kali. Kandamiza povu litoke. Usizikamue kwa kuzisokota, maana mpira wa kiganjani unachanika. Anika kivulini, viganja visigusane, la sivyo vitashikana. Vikinga ugoko, toa sehemu ya kitambaa uloweke pamoja na jezi, plastiki ipanguswe. Kinga ya meno ni maji baridi na mswaki tu. Maji ya moto yataibadilisha umbo na haitakaa tena mdomoni.

Begi watu wanalisahau, kisha wanashangaa nguo safi inanuka kabla ya mechi. Lipindue, kung'uta vumbi la pembeni, sugua bitana kwa maji ya sabuni, suuza, uliache wazi likauke hata kama litachukua siku mbili.

Mwisho, mashine yako ya kufulia. Vuta ule mpira wa mlangoni utazame mkunjo wake wa chini. Ukikuta ute mweusi, ndio unaorudisha harufu kwenye kila nguo. Upanguse, toa kidroo cha sabuni ukioshe kwa mswaki, fungua kichujio cha chini (weka beseni, maji yatamwagika), halafu endesha mashine tupu kwenye nyuzi 60 au zaidi ukiwa umetia vijiko vinne au vitano vya blichi ya oksijeni ndani ya pipa lake. Mlango uache wazi kila baada ya kufua. Anza na hiyo mashine kabla ya kuloweka jezi hata moja, ndipo kazi ya kesho isiharibiwe na mashine ya jana.

Niandikie ukishafanya jaribio la tone la maji, uniambie lilisimama wapi.

Wako daima,
swahiba wako