Nyota nne kwa kitabu ambacho hakijasomwa

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu likiuzwa shilingi 200 na sijawahi kukusumbua. Ila ule uchambuzi wa The Shining wa Jumamosi umenishinda. Eti filamu ya Stanley Kubrick ya mwaka 1980 imeifuata riwaya hatua kwa hatua, na kwa uaminifu huo imepewa nyota nne.

Hatua zipi? Katika riwaya ya Stephen King ya mwaka 1977, hoteli inalipuka kwa sababu mlinzi amesahau kupunguza presha ya boila. Kwenye filamu hoteli imebaki wima, na aliyekufa ni yeye, kaganda kwa baridi katika bustani ya vichochoro ambayo kitabuni haimo kabisa. Kitabuni anatembea na nyundo ya kupigia mpira mchezoni, si shoka. Chumba 217 kimegeuka 237. Hayo tuyaite madogo. Kubwa ni huyo mlinzi mwenyewe, ambaye ndiye baba: King kamwandika mlevi aliyeacha pombe, anayempenda mwanawe, anayezidiwa kidogo kidogo mpaka unamwonea huruma. Jack Nicholson, anayemwigiza kwenye filamu, anaingia kwenye usaili wa kazi tayari ana macho ya mtu wa kukimbiwa! King aliwahi kuifananisha filamu hiyo na Cadillac zuri lisilo na injini, akaja kuiandika upya hadithi yake kwa ajili ya televisheni, ikaonyeshwa mwaka 1997. Mtu anafanya hivyo akiwa amefuatwa hatua kwa hatua? Na mimi filamu naipenda, tena inanitisha kuliko kitabu. Isifiwe kwa ilichofanya, basi.

Nina kidonda cha zamani hapa. Nakala yangu niliinunua kwenye vitabu vya mitumba pale Posta, nikamwazima mpwa wangu. Ilirudi baada ya miezi saba, kurasa za mwisho zimekwenda kufungia karanga. Kumuuliza, akanijibu: "Mjomba, si mwisho unajulikana? Jamaa anaganda." Nilidhani yuko peke yake, kumbe mwenzake mnamlipa.

Na huyo mpwa filamu yenyewe aliionea kibanda umiza, imetafsiriwa. Watafsiri nao! Mtoto anaendesha baiskeli yake ya magurudumu matatu kwenye korido: juu ya zulia kimya, juu ya mbao kishindo, zulia, mbao, na roho yako iko mkononi. Hofu yote imo katika kile kimya. Mtafsiri anakijaza kwa kumsalimia muuza chipsi wa nje.

Ushauri wangu ni mdogo. Kabla hujampa mtu ukurasa wa filamu, muulize: Hallorann, yule mpishi, kitabuni anakufa au anapona? Akisema anakufa kwa shoka, mpeleke akaandike ligi daraja la pili.

Mjomba wa mtu,
Ubungo, Dar es Salaam