Risala ya Wanafunzi Wazungumzao Kiswahili Mjini Kerman kwa Mgeni Rasmi: Meymand na Watu Wake

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, walezi wetu, wahadhiri mliotuheshimu kwa kufika, wenyeji wetu wa Kerman, wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uzima na kutukutanisha jioni hii. Tunakushukuru na wewe, Mgeni Rasmi, kwa kukubali mwaliko wetu pamoja na majukumu mengi uliyonayo. Karibu sana.

Mgeni Rasmi, katika sherehe zetu tumezoea kuonyesha ya kwetu: khanga, pilau, ngoma na mashairi. Safari hii tuliona ni adabu, tukiwa wageni katika nchi ya watu, kuonyesha na ya waliotupokea. Ndiyo maana picha zote zilizotundikwa ukumbini ni za Meymand, kijiji cha wafugaji wanaozungumza Kiajemi, kilichopo wilaya ya Shahr-e Babak, ndani ya mkoa huu huu wa Kerman tunaosoma.

Wengi wetu tumekua tukisikia habari za Washirazi walioshuka Kilwa na Unguja kwa majahazi. Mwajemi tuliyemjua kabla ya kuja huku alikuwa mtu wa bandari na biashara. Meymand haina bahari. Ni bonde kame lililo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mwisho wa milima ya kati ya Iran upande wa kusini, mahali ambapo kiangazi kinaunguza na baridi ya Januari inagandisha maji. Mbao za kujengea ni chache. Mwamba laini uko tele, na watu wa Meymand wakaingia humo.

Nyumba zao, wanazoziita kiche, zimechongwa ubavuni mwa kilima, nyingine juu ya nyingine, hadi ngazi tano. Zipo kama 400, ingawa si zote zilizo nzima leo. Mchongaji alianza kwa kukata njia kwenye mteremko hadi apate ukuta wa wima, ndipo akatoboa mlango, na ndani akachonga chumba, kisha kingine, na vishubaka ukutani vya kuwekea taa, vyombo na matandiko. Tulipoingia katika mojawapo macho yalichukua muda kuzoea giza. Katikati ya sakafu kuna shimo la meko. Dari yote ni nyeusi kwa masizi, nyeusi ya kung'aa, na ukiigusa unakuta ni ngumu na laini. Bibi mwenye nyumba alituambia masizi hayo ndiyo yanayoshika mwamba usimomonyoke na kuziba nyufa zisipitishe maji, na kwamba nyumba isiyowashwa moto huanza kuchakaa. Nje upepo ulikuwa mkali. Ndani tulivua makoti.

Kijijini mna msikiti, hamamu na shule, vyote ndani ya mwamba. Kiche moja iliyogeuzwa makumbusho inadhaniwa ilikuwa hekalu la moto la Wazoroasta kabla ya Uislamu. Watalii huambiwa pia kwamba kijiji kina umri wa miaka 12,000, na idadi hiyo ndiyo inayobandikwa kwenye mabango. Sisi, Mgeni Rasmi, tuliona umri wa mawe umesifiwa vya kutosha. Kilichotushika ni mwaka wa watu wa Meymand, maana mtu wa Meymand hana nyumba moja, ana tatu.

Mapangoni wanakaa majira ya baridi. Baridi ikianza kulegea wanatoka na mbuzi na kondoo wao kwenda malisho ya tambarare, kwenye makazi wanayoyaita Sar-e Aghol. Huko hujenga nyumba za mawe zilizozama nusu ardhini ili upepo upite juu yake, pamoja na mazizi na vibanda vya kushughulikia maziwa. Joto likizidi wanahamia Sar-e Bagh, karibu na mito ya msimu, kwenye bustani za matunda na mashamba madogo, katika nyumba nyepesi za kuta za mawe zilizoezekwa kwa nyasi. Maji huyapata kwenye chemchemi na kwenye qanat, ile mifereji inayochimbwa chini ya ardhi ili maji yatembee kutoka mlimani bila kunyonywa na jua. Majira ya baridi yakikaribia, wanarudi mwambani.

Tuliwakuta kwenye malisho, wakati wa maziwa. Mama mmoja alikuwa ametundika kiriba cha ngozi ya mbuzi kwenye miti mitatu iliyofungwa pamoja juu, anakisukasuka mbele na nyuma, huku anazungumza nasi bila kupoteza mwendo. Kila baada ya muda alitega sikio. Mlio wa maziwa ulipobadilika akasimama, akafungua kamba, na siagi ilikuwa tayari. Maziwa yaliyobaki yakaenda kuchemshwa, na kitakachoganda kitafinyangwa madonge na kuanikwa juani mpaka kiwe kigumu kama jiwe: ndiyo kashk, chakula cha akiba cha miezi ya theluji. Wenzetu wanaotoka katika jamii za wafugaji walimkaribia wakamuuliza maswali ambayo sisi wa mjini tusingeyajua: ngozi inatayarishwaje, inafukizwa kwa mti gani, inadumu misimu mingapi. Alifurahi waziwazi kupata watu wanaojua cha kuuliza.

Zaidi ya mifugo, wanaokota lozi na pistashio za mwituni na kukusanya mitishamba ya milimani, na akina mama wanafuma mazulia.

Dunia imewatambua. Mwaka 2005 Meymand ilipata tuzo ya kimataifa ya Melina Mercouri, inayohusu utunzaji wa mandhari za kitamaduni. Mwaka 2015, katika kikao kilichofanyika Bonn, Ujerumani, kijiji kiliingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kilichoorodheshwa ni mandhari nzima ya kitamaduni, yaani mapango pamoja na malisho, mazizi, bustani na kuhama kwenyewe. Jambo hili tunalisisitiza kwa sababu mgeni wa siku moja hupiga picha milango ya mapango akaondoka, akidhani ameiona Meymand.

Na kuhama huko ndiko kulikopungua. Sensa ya Iran ya mwaka 1956 ilikuta karibu Wairani 7 katika kila 10 wanaishi vijijini. Ile ya 2016 ilikuta ni kama robo tu. Meymand haikusalimika. Vijana wanafuata masomo na ajira mijini, na jirani yao kuna migodi mikubwa ya shaba kama Miduk. Hatuwalaumu, nasi tumeacha vijiji vyetu tukaja kusoma. Lakini wengi tuliowakuta na mifugo walikuwa watu wazima sana, na mzee mmoja alipotuonyesha ni wapi maji hujitokeza baada ya mvua haba, hakukuwa na mjukuu aliyekuwa akimsikiliza. Tulikuwepo sisi, wageni, tukiandika kwenye simu.

Mgeni Rasmi, hapo ndipo ombi letu linapotoka. Tumekusanya maelezo ya wazee hao kwa sauti na picha, kwa idhini yao, na tunayapanga yawe kijitabu cha Kiajemi na Kiswahili: cha Kiajemi kirudi shuleni kwao, cha Kiswahili kisomwe kwetu. Tunaomba utusaidie kupata gharama za uchapaji. Tunaomba pia utufungulie mlango wa mawasiliano na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ili wanafunzi wa mifugo wa huko wabadilishane maarifa na wafugaji hawa. Nchi yetu ina wafugaji wanaohama kufuata majani na maji, na mara nyingi kuhama kwao kunazungumzwa kama tatizo la kuondolewa. Hapa Iran kumeingizwa kwenye urithi wa dunia. Tungependa watunga sera wetu walione hilo kwa macho yao.

Wazee wa Meymand wametutuma tukupe salamu, na wamesema ukipanga kuwatembelea uje majira ya baridi, uwakute nyumbani.

Baada ya maelezo hayo, Mgeni Rasmi, kwa heshima na taadhima tunakukaribisha uzungumze nasi, kisha utufungulie maonyesho.

Ahsante sana.

Ni sisi wanafunzi wazungumzao Kiswahili, Kerman.