Hiyo "strengthen" yako, mwanangu

Kibosho, Jumatano jioni

Mwanangu,

Barua yako ya maombi ya kozi ya kuongoza wageni mlimani imenifikia jana kwa mkono wa kondakta wa Coaster. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili na kalamu nyekundu. Kabla sijafika kwenye Kiingereza, nijibu jambo moja: ni kweli ulitapika kule kambi ya Barafu, Kilimanjaro?

Kijana wa jirani ndiye aliyenieleza Jumapili kwenye mbege ya ubatizo. Alikuwa anacheka, akidhani najua. Anasema ulitapika usiku, kichwa kinakugonga, na asubuhi ukajitwisha mzigo wako wa upagazi ukashuka nao hadi lango la Mweka bila kumwambia kiongozi wako neno lolote. Eti wenzako wakakusifu kuwa sasa umekuwa mgumu kweli. Mama yako hajui. Mimi sijamwambia, na wewe usimwambie kwa simu.

Haya, tuje kwenye barua. Neno "strengthen" umelitumia mara saba kwenye ukurasa mmoja, na mara nne umeandika "strenghten", h mbele ya t. Miaka 31 nimesahihisha kosa hilohilo kwenye madaftari ya watoto wa watu, kumbe la nyumbani kwangu limebaki. Anza na "strength", ambayo kwanza ni g, kisha t, kisha h. Ukishaipata hiyo, ongeza "en" mwishoni. Waingereza hawasemi "strongen", kama wasivyosema "longen". Hutoka "long" wakaenda "length", ndipo wakafika "lengthen". Lakini "weak" huwa "weaken" moja kwa moja, bila kuzunguka. Kudhoofika kwao ni njia fupi.

Umeandika pia "My English will strengthen". Hapana. Upepo unaweza kufanya hivyo wenyewe, na shilingi pia, siku ikijisikia. Kiingereza chako kita-"improve". Mguu unaweza kuu-"strengthen" kwa mazoezi, na hoja kwa ushahidi. Ukuta wa zege ukitiwa nondo ni "reinforce". Unga ukiongezwa virutubisho kiwandani ni "fortify", hata kwenye pakiti dukani wameandika. Na pale ulipotaka kusema mlima umekukomaza, neno ni "toughen", ila ulitumie kwa uangalifu, maana ni neno la ngozi ya kiatu pia.

Nimekaa na hiyo karatasi nikaona kitu ambacho darasani sikuwahi kukisema. "Strengthen" haikuulizi nani kafanya. Kitu kikipata nguvu chenyewe, ni hilo. Kikitiwa nguvu na mwingine, ni hilohilo. Kiswahili hakikuachii nafasi hiyo. Lazima useme umeimarika, au umeimarishwa, au umejiimarisha. Kisha kuna lile letu la hapa nyumbani, "jikaze", ambalo lina "ji" ndani yake. Ukiambiwa jikaze, kazi yote ni yako, na ukishindwa aibu ni yako. Aliyesema yeye anakwenda zake kunywa chai.

Siku ile ya mtihani wa kidato cha pili unaikumbuka, sina haja ya kuirudia. Nataka tu ujue kwamba kipimajoto nilikuwa nimekitazama. Kilisoma 39.

Kwa hiyo hilo la Barafu, baba, ulitapika mara ngapi? Ulikuwa unakohoa? Ulipokaa chini, pumzi ilirudi au iliendelea kukukimbia? Nauliza kwa sababu kichwa na kichefuchefu ni mwanzo. Mtu akianza kuhema hali amekaa, au akiyumba kama mlevi na kuongea yasiyoeleweka, hapo si suala la maji ya moto na tangawizi tena. Dawa ni kushuka, usiku uleule, hata kama mzigo utabaki. Mzigo ni wa kampuni. Kilo 20 za hema la watu zinaweza kulala peke yake.

Najua utasema baba hajawahi hata kufika kambi ya Shira. Ni kweli, mimi mlima nimeutazama kwa dirisha la ofisi ya walimu. Lakini kusoma najua. Pale kileleni, mita 5,895, kila pumzi ina karibu nusu tu ya hewa mnayoivuta Mombasa. Barafu pako juu ya mita 4,600. Mwili hujizoesha kwa kuongeza chembe nyekundu za damu, na hiyo ni kazi ya siku nyingi na majuma, haiamrishwi. Nyinyi mnaanza Lango la Machame asubuhi, tena mnakimbia na mizigo ili mfike kambini kabla ya wageni. Mgeni anaambiwa pole pole kila baada ya hatua kumi. Mgumu anaambiwa na nani?

Mama yako ana miche 40 ya kahawa ya Lyamungu hapa nyuma ya jiko, imenunuliwa kwa hela yako, asante. Bwana shamba amemkataza kuipanda kwa haraka. Kivuli kinapunguzwa kidogo kidogo, leo jani moja la mgomba linatolewa, wiki ijayo jingine, na maji yanapungua. Waingereza kazi hiyo wanaiita "hardening off". Mama yako anasema anaizoesha jua. Miwili ilichukuliwa na dada yako akaipanda siku ileile juani, ikanyauka, na hakuna aliyesema ile miche ni mivivu.

Nirudi kwenye maombi yako. Sentensi ya "I am never sick" nimeikata kwa mistari miwili. Kwanza ni uongo, na mimi nina shahidi. Pili, wanaochagua watu wa kozi hiyo wanatafuta mtu atakayemwona mgeni anaumwa kabla mgeni mwenyewe hajakiri. Anayeficha tumbo lake atasomaje la mwenzake? Nimeandika badala yake kwamba unazijua dalili za ugonjwa wa mwinuko na kwamba umewahi kuzipata. Usiogope, itakusaidia kuliko hizo "strengthen" saba. Mbili nimeziacha. Na neno "descend" halikuwemo kabisa. Nimeliingiza. Lifanyie mazoezi ya kulisema kwa sauti, hata kwa kiongozi mkali: "I am sick. I must descend." Kwa Kiswahili pia liseme. Hilo sikukufundisha.

Mwandiko wako lakini ni mzuri. Nilimwonyesha mwalimu mwenzangu mmoja mstaafu, akauliza kama uliandika kwa kompyuta. Nikamwambia huyo ni mtoto wa Kibosho.

Mabati yamefika, 18 kama ulivyolipa, ila misumari wamepunja. Fundi anasema atakuja Jumamosi, na Jumamosi yake unaijua. Mfereji wa juu umeziba tena na zamu yetu ya maji imerukwa mara mbili. Nimekwenda kwa mwenyekiti, akanipa kiti na maneno. Ng'ombe anakula majani ya mgomba matupu, maziwa yamepungua. Bibi yako anakusalimu na anauliza kama umeoa, nimemwambia bado unapanda.

Kabla hujaingia mlimani Jumamosi pitia Kiboriloni utafute koti zito na soksi za sufu, jozi mbili. Mitumba ya Jumanne ilikuwa mizuri, mama yako alipita. Usimwachie mwenzako wa Arusha akununulie, atachukua rangi tu. Na ukipewa hema linalovuja, sema siku hiyohiyo langoni, usisubiri kambi ya Barranco.

Barua yako iliyosahihishwa ndiyo hii niliyoikunja ndani. Nakili upya kwa mkono wako, usiwapelekee yenye wekundu wangu. Kalamu yenyewe inaelekea kuisha, ukija niletee mbili, zile za kubonyeza.

Ukifika Mweka nipigie mimi kwanza, kabla hujala. Kama kichwa kiligonga, anza na hilo.

Baba yako