Kabla ya kuandika “utafiti umebaini”, mwulizeni mtafiti alipimaje

Ndugu Mhariri,

Habari za afya zinazoanza na maneno “utafiti umebaini” zimekuwa nyingi magazetini, na wasomaji wanazifuata. Shida ni kwamba nyingi zinaishia kwenye asilimia. Msomaji anaambiwa wakazi wa Dar es Salaam wanakula mafuta kupita kiasi, au hawaushughulishi mwili, lakini haambiwi mafuta hayo yalipimwa vipi wala mwili uliofuatiliwa ulifungwa kifaa gani. Sisi ambao kazi yetu ni kuhoji watu kuhusu milo yao na kuwafunga vipima mwendo kiunoni tunajua kuwa namba huharibikia hapo, mapema kabisa, kabla kompyuta haijawashwa.

Tuanze na kumbukumbu ya mlo wa saa 24, njia inayotumika sana. Mhojaji anauliza kila kilicholiwa na kunywewa tangu jana mtu alipoamka hadi leo alipoamka. Ikifanywa inavyotakiwa, mazungumzo yanarudiwa mara kadhaa: kwanza mhojiwa anataja vyote harakaharaka bila kukatizwa, kisha anakumbushwa vile vinavyosahaulika, kisha wakati na mahali, kisha kila kitu kilipikwaje na kilikuwa kiasi gani, mwisho orodha nzima anasomewa. Mhojaji mwenye haraka huruka hatua ya pili, na kwa mji huu hiyo ndiyo yenye mali. Karanga zilizonunuliwa dirishani mwa daladala, embe bichi la chumvi na pilipili, juisi ya miwa, kahawa na kashata kijiweni, mchuzi ulioonjwa jikoni mara tatu nne: vitu hivi havitajwi kwa hiari kwa sababu hakuna anayevihesabu kuwa mlo. Aliyesema alikunywa chai aulizwe chai na nini. Na sukari vijiko vingapi, vya kujaa au vya kusawazisha? Kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba gramu 4 hivi. Cha kujaa kinaweza kukaribia mara mbili ya hapo.

Kwenye kiasi ndipo penye kazi kubwa. “Sahani moja ya ugali” si kipimo. Mhojaji atumie vyombo vya nyumba ileile: mhojiwa aonyeshe kwa maji mchuzi ulifika wapi kwenye bakuli lake, na kwa unga uliokandwa aonyeshe ugali ulikuwa mkubwa kiasi gani, kisha ujazo ugeuzwe kuwa gramu. Kwa vya kununua, kama chipsi zege, afadhali zinunuliwe sahani tatu kwa wauzaji watatu wa mtaa uleule, zipimwe kwenye mizani, uchukuliwe wastani. Mizani yenyewe ikaguliwe kila asubuhi kwa jiwe la uzito unaojulikana, na iwekwe sakafuni palipo sawa, si juu ya mkeka.

Familia ikila sinia moja, kumbukumbu peke yake haitoshi. Mtafiti awepo chakula kinapopakuliwa, apime sinia lenye chakula, na baadaye apime mabaki pamoja na mifupa. Kugawanya kilicholiwa kwa idadi ya waliokaa kunampa mtoto wa miaka minne fungu la baba yake, kisha ripoti inasema watoto wanashiba vizuri. Njia inayosaidia ni kuhesabu kwa macho matonge ya yule anayechunguzwa, kisha kumwomba amege matatu kama kawaida yake, yapimwe. Ni kazi ya kuchosha, na mwenye nyumba hujisikia kama amekaliwa na askari. Ndiyo maana mlo wa kwanza wa namna hiyo mara nyingi hauingizwi kwenye hesabu.

Mafuta yana mtego wake. Kila gramu ni kilokalori 9, kwa hiyo kosa dogo linavimba. Chupa ipimwe kabla na baada ya kupika, na tofauti igawanywe kwa uzito wa chungu kilichoiva, si kwa vichwa. Mfano: mililita 50 za mafuta, yaani gramu 46 hivi, zikiingia kwenye kilo 2 za maharage yaliyoungwa, aliyepakuliwa gramu 200 amekula gramu 4.6, chini kidogo ya kilokalori 42. Mhojaji anayekisia “vijiko viwili vya chakula kwa kila mtu” atamwandikia zaidi ya 240. Mafuta hayo hayapo popote isipokuwa kwenye dodoso lake.

Baada ya hapo gramu zinapelekwa kwenye jedwali la virutubishi, linaloonyesha kila chakula kina nini ndani yake. Tanzania tunalo letu, lililotolewa mwaka 2008 na Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na wenzao wa Harvard, na hakuna sababu ya mwanafunzi wa hapa kuazima la Marekani kwa mchicha na dagaa. Hatari iko kwenye kuchagua mstari. Unga mkavu wa mahindi una karibu kilokalori 360 kwa gramu 100, lakini sehemu kubwa ya ugali ni maji: gramu 300 za ugali hutokana na unga wa gramu 100 hivi. Msimbaji, yaani anayeoanisha chakula kilichotajwa na mstari wa jedwali, akichagua “unga” badala ya “ugali”, mlo mmoja unaruka kutoka 360 hadi zaidi ya 1,000, na kompyuta haitamwuliza kitu.

Kuna kosa jingine ambalo mgeni hawezi kuliona. Mhojiwa anasema alikula saa mbili usiku. Mhojaji anaandika 2. Anayeingiza data anaweka 02:00 badala ya 20:00. Ghafla mtaa mzima unaonekana ukila usiku wa manane, na kichwa cha habari kimeshapatikana. Dodoso liwe na safu mbili, saa aliyoitaja mhojiwa na saa ile ile kwa mtindo wa saa 24, na mhojaji azijaze zote mbili palepale. Vipima mwendo navyo vina ugonjwa wa aina hiyo. Kifaa kikiachwa kwenye saa za Greenwich, kiko nyuma yetu kwa saa tatu, na mtu aliyeamka saa kumi na moja alfajiri anaandikwa ameamka saa nane usiku.

Siku nazo zina uzito wake. Siku moja ya kumbukumbu inatosha kukadiria wastani wa kundi, lakini haielezi mazoea ya mtu mmoja mmoja. Angalau sehemu ya wahojiwa wahojiwe mara ya pili, siku isiyofuatana na ya kwanza, wikiendi iwemo. Mwisho wa mwezi si tarehe 20, na Ijumaa ya pilau si Jumanne. Ramadhani ni mfungo wenye futari na daku, ipewe utafiti wake au iachwe kabisa.

Kuhusu mwendo, wahojaji wengi huanza na “unafanya mazoezi?” Mama anayepandisha ndoo ya lita 20 hadi ghorofa ya tatu atajibu hapana, na mpagazi wa Kariakoo vilevile. Waulizwe kazi kwa kazi: kubeba, kusukuma, kufua, kutembea kwenda kituoni, kisha dakika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima afikishe dakika 150 hadi 300 za shughuli za wastani kwa wiki, na umeondoa sharti la kwamba shughuli ihesabiwe tu ikifika dakika 10 mfululizo. Madodoso ya zamani bado yana sharti hilo, hivyo safari fupi fupi za mtaani zinapotea.

Kifaa kinasaidia, ila nacho si malaika. Kikiwa kiunoni kinasoma mtikisiko, hakijui mzigo: ndoo ya kilo 20 kichwani na mikono mitupu ni mamoja kwake, ilhali mtetemo wa bodaboda kwenye barabara ya vumbi kinaweza kuuhesabu kuwa shughuli. Kwa kawaida kinavaliwa siku 7, na mtu hukubaliwa akiwa na siku zisizopungua 4 zenye saa 10 au zaidi. Mtafiti aseme ni wangapi walitupwa kwa kutofikisha, maana huenda wanaokivua ndio wenye kazi za jasho. Wala hatua zisigeuzwe nishati kwa kukisia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu Wahadza wa karibu na Ziwa Eyasi uliwanywesha maji yenye hidrojeni na oksijeni nzito, ukafuatilia kwenye mkojo kasi ya kila moja kutoka mwilini; tofauti ya kasi hizo ndiyo huonyesha nishati iliyotumika. Wahadza hutembea sana kuliko watu wa mijini Ulaya na Marekani, lakini ukubwa wa mwili ukishazingatiwa, jumla ya nishati waliyotumia kwa siku haikutofautiana nao. Kipimo hicho ni ghali, ndiyo sababu hutumika kwa watu wachache.

Hata urefu, unaoonekana kitu chepesi, una fitina yake. Mwanamke wa sentimita 160 na kilo 64 ana uwiano wa uzito na urefu (BMI) wa 25.0, yaani ameingia kwenye uzito uliozidi. Nywele za kusuka zikiongeza sentimita 3, anasomeka 24.1 na anaambiwa yuko sawa.

Ombi letu kwa dawati lako ni dogo. Kila habari ya utafiti wa lishe ieleze watu walikuwa wangapi na walipatikana wapi, kwa sababu wagonjwa wa kliniki moja Kinondoni hawawasemei wakazi 5,383,728 wa mkoa waliohesabiwa mwaka 2022, kuanzia Kigamboni hadi Ubungo. Ieleze pia walipimwa siku ngapi, na kiasi cha chakula kilipatikanaje. Mwandishi aombe dodoso na orodha ya vipimo vya vyombo. Ni kurasa chache, na mtafiti aliyefanya kazi yake anazo tayari. Akisema hazipo, habari isubiri toleo lijalo.

Watafiti wa lishe na mwendo,
Upanga, Dar es Salaam