Shukrani kwa mama aliyetuzuia kula mboga zetu

Mama, hukutuachia jina, kwa hiyo nakushukuru hapa mbele ya watu.

Upepo uliangusha rafu iliyokuwa nje, chupa ya klorini ya kufulia na kopo la tina ya rangi vikamwagikia bustani yetu ya mboga. Beseni la maji lilikuwa tayari, tuoshe majani tupike. Ulikuwa unapita njia, ukasema, "Subirini kwanza."

Uliokota vyote viwili ukasoma lebo neno kwa neno. Ukatueleza kuwa klorini huvunjika upesi udongoni na kuacha chumvi. Upande ule ulihitaji kumwagiliwa maji mengi, na majani yaliyorukiwa yatupwe. Tina ni habari nyingine kabisa, kwa sababu ikishaingia kwenye mmea haitoki kwa kuoshwa wala kupikwa. Ukavaa glavu, ukafuata doa la udongo uliolowa hadi lilipoishia, ukachimba pamoja nasi mpaka chini ya mizizi. Karoti na udongo wake vikaingia kwenye ndoo yenye mfuniko. Ukatukataza kuwapa kuku, kutia kwenye mboji au kumwaga mtaroni. Kisha ukachomeka vijiti kuzunguka sehemu ile ili watoto wasichume.

Hukututia hofu wala hukutulaumu, na hilo silisahau.

Wasomaji wenye ujuzi huu, mkiona jirani anaosha mboga zilizomwagikiwa kemikali, tafadhali simameni mumwambie. Mama, asante sana. Mungu akuzidishie.